Maji ya Kiyoyozi

Nilizinunua mbili, Mikocheni, kando ya barabara,
elfu themanini kwa mpigo, baada ya kubishana nusu saa.
Kihwelo muuzaji alikuwa amepaka majani mafuta ya nazi,
yaking'aa kama viatu vya bwana harusi.
"Okidi hazina shida, mama. Mwagilia tu."

Mwagilia tu.

Nyumbani Sinza, nilipozitoa vyunguni,
harufu ilinijibu kabla ya macho:
tambara la deki lililosahaulika ndooni.
Mizizi kahawia, teketeke, inavuka kama soksi,
ndani umebaki uzi, uzi tu, usioshona kitu.
Na juu maua kumi na moja, meupe,
yanapokea wageni.
"Uzuri wa mkakasi," alisema Mama Nsia mlangoni,
methali akaiacha hapo.
Maji yalikwisha kuimalizia.

Miaka ishirini na sita nashika taa
kwenye kliniki ya meno, Magomeni.
Mizizi nimeiona, mirefu, iliyopinda, yenye usaha,
ikidondoka kwenye sahani ya bati: ti.
Hii ndiyo ya kwanza niliyotaka kuirudisha.

Nikachoma mkasi kwenye moto wa gesi.
Nikakata. Nikakata tena.
Kila nilipodhani nimefika penye uzima
kidole kilizama.
Moja ikabaki na mizizi miwili, mifupi, migumu.
Ya pili, hakuna kitu. Kisiki na majani manne.
Nikapaka vidonda mdalasini wa pilau,
jikoni kukanukia Idi.
Elisante akafunua sufuria zote, akafunika.
"Kwa hiyo umenunua maiti, mama,
na unaiunga viungo."

Maua ndiyo yaliyoniuma.
Asiye na mizizi akibeba maua
anafanya karamu kwa mkopo.
Niliyakata yote, nikayatia kwenye glasi karibu na runinga;
yalidumu siku tisa, bila haya.

Maji ya kisima chetu yana chumvi.
Ya bomba yana ratiba yake, haijui mtu.
Basi nikatega chupa ya juisi nyuma ya kliniki,
chini ya mpira wa kiyoyozi,
tone, tone, jasho la chumba cha wagonjwa.
Chacha mlinzi akauliza, "Ni dawa hiyo?"
Nikasema ni dawa.
Mkaa nikauosha. Makumbi nikayaloweka siku tatu
mpaka maji yakaacha kufanana na chai.
Nikatoa mfuko wa nailoni, nilioficha tangu kabla ya katazo,
nikauvika ile yenye mizizi, nikaupulizia pumzi yangu,
nikaufunga.
Ile nyingine niliibana kwa waya dirishani,
kwa sababu sikujua kuitupa.

Februari, joto la kuchemsha mawe.
Majani yakanyauka kama dole gumba la mfuaji.
Kila jioni niliinyunyizia mpendwa wangu,
na asubuhi, na usiku nikiamka kwenda msalani,
hadi siku nilipogusa jani la kati
likabaki mkononi. Harufu ile ile.
Nilikuwa Kihwelo, bila hata faida.

Nikaizika kwenye ndoo ya taka, sikumwambia mtu.
Masika yakaingia. Bati likapiga kelele wiki nzima.
Jumanne moja nikifunga dirisha nikaiona:
ubavuni mwa kisiki, punje,
kijani kama choroko iliyolala majini,
imetoka upande, si kuelekea chini,
inanyoosha shingo kwenye nondo za dirisha
kama haikuwahi kusikia habari za chungu.

Nilitaka kuigusa.
Nikaweka mikono nyuma.

Elisante sikumwonyesha.
Lakini juzi, nikifuta vumbi, nikakuta penseli kwenye fremu,
vistari vidogo, mwandiko wake wa kulalia kushoto:
tarehe tisa, milimita nne.
Tarehe kumi na tatu, sita.
Tarehe kumi na nne, mvua. Sikupima.