Karpi Namba Kumi na Saba

Mimi ndiye mweka hazina wa kaunti hii ya Minnesota,
Orrin Haugstad, miaka ishirini na miwili kwenye kiti kilekile,
na kalamu yangu haijui kusita:
kokoto za barabara, chumvi ya kuyeyusha theluji,
mshahara wa mkamata mbwa.

Jumanne akaja Kalia Lor na chupa.
Hakuleta picha za ukutani. Chupa tu,
akaitua juu ya bajeti, mbele yetu wajumbe watano.
Maji yake rangi ya chai ya maziwa iliyolala.
"Ziwa lenu hili," akasema. "Nimelichota asubuhi."

Karpi, akaeleza, hali kama samaki wengine.
Hufukua. Huchimbua tope kama nguruwe shambani,
mizizi ikaelea, mwanga ukafa njiani,
na ule mpunga mwitu ambao kina Leland Kingbird
huupukutisha mtumbwini kwa vijiti viwili vya mwerezi
mwaka huu haukutoa kichwa majini.
Leland alikuwa kiti cha nyuma, kofia magotini.
Mwenyekiti akamuuliza amevuna kiasi gani.
Akafungua kiganja.
Akakifunga.

"Basi wataka nini? Nyavu? Nyavu tulishatupa."
"Nataka kujua wanalala wapi.
Dola elfu arobaini na nane:
redio arobaini za kushonwa tumboni,
mwanafunzi mmoja, miaka miwili,
mafuta ya boti, mahindi magunia sitini
(wanapenda mahindi, msicheke).
Namkamata mmoja, namtia redio, namrudisha kwao.
Baridi ikiingia hukusanyika chini ya barafu,
naye atatuonyesha mlango."
"Msaliti," mtu akanong'ona.
"Hapana," akasema Kalia. "Msaliti hujua."

Bev Stordahl akagonga meza:
"Elfu arobaini na nane za kujua!
Kujua hakuzibi shimo barabarani."
Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Usiku nikashuka stoo, kwenye daftari za kale,
sijui nikitafuta nini. Mwaka 1884,
mwandiko wa babu wa baba yangu, mnene, wa majivuno:
*Karpi wachanga ishirini, wamefika kwa treni
ndani ya kopo la maziwa. Kutoka serikalini.
Gharama: hakuna.*
Na neno hakuna kalipigia mistari miwili.

Rahisi huvunja upishi;
hiki cha bure kilivunja na chungu.
Nikafunua mbele: nyavu, 1931.
Ukuta wa waya, 1947, ukasombwa na mafuriko.
Sumu, 1958, iliyoua kila chenye mapezi
na karpi wakarudi wa kwanza.
Nyavu tena. Sumu tena.
Katika kurasa zote hizo, kwa wino wa watu wanne,
sikuona hata senti moja
iliyolipwa kwa ajili ya swali.

Kura tatu kwa mbili. Nusu ya fedha, mwaka mmoja.
Ya tatu ilikuwa yangu, lakini usinisifu:
nusu ile niliipendekeza mimi.
Kalia hakulalamika. Alichukua chupa yake,
akafuta kwa mkono wa sweta
duara la unyevu lililobaki juu ya tarakimu zangu.

Januari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
alinivika visikizio katikati ya ziwa.
Kimya. Upepo. Kimya.
Halafu: tik.
Tik.
"Namba kumi na saba. Na wengine wanne wenye redio wako naye."
"Wasio na redio je?"
"Labda mia. Labda elfu nane. Ndicho tunachohesabu."
Mwanafunzi alikuwa akitoboa barafu, kope zake nyeupe.
Fedha zinaisha Machi. Ninajua, mimi ndiye niliyeandika.

Futi mbili chini ya viatu vyangu
walikuwa wamelala bega kwa bega, gizani,
wajukuu wa kopo la maziwa.
Nilivua glavu niandike kiganjani,
maana daftari niliiacha ofisini: 17.
Wino uliganda nikiwa kwenye moja.