Chumba cha Juu, Bugarika

Tarehe thelathini Juni imepita,
ya Julai nayo, na Agosti inanyoosha miguu.
Chumba cha juu, kile kinachoegemea jabali,
Tegamaisho yumo.

Nimemwandikia barua tatu.
Ya kwanza kwa adabu: "Ndugu mpangaji."
Ya pili nikaondoa ndugu.
Ya tatu mtendaji akaigonga muhuri,
akanidai elfu mbili, eti ya wino.

Asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, mama Lushinge,"
sauti inateleza kama mlenda,
na marahaba inanitoka kabla sijaikamata.
Tunapishana kwenye ngazi za mawe,
yeye anashuka na ndoo,
mimi napanda na hasira.

Lushinge wangu anarudi kutoka machimboni Geita.
Kifusi kimemvunja mgongo, kochi la sebuleni halimfai.
Nimemweleza. Akasema, "Pole sana, mama.
Mwezi ujao."
Mwezi ujao ndiyo nyumba gani? Una mlango? Una kitasa?

Juzi usiku nikamzimia umeme.
Nikakaa barazani kusubiri kishindo.
Wapi. Mshumaa tu dirishani,
na mtoto wake akikariri tebo ya saba,
akikwama palepale, saba mara nane,
anarudi mwanzo, anakwama tena.
Kule chini karabai za dagaa zilijipanga ziwani
kama mtaa usiodaiwa kodi.

Ndipo nikalikumbuka sanduku la chini ya kitanda.
Mna barua ya Manispaa, karatasi imegeuka rangi ya chai:
Mnatakiwa kuhama mlimani ndani ya siku tisini.
Marehemu aliisoma kasimama,
akaikunja mara nne,
kesho yake akateremka Igogo kununua bati.
Na kabla yetu jabali hili lilikuwa la pimbi.
Wao hata barua hawakupewa.

Nikapanda. Nikasema mlangoni, bila hodi:
"Hamsini na sita."
Kimya.
Kisha penseli ikakwaruza.
Nikashuka, nikawasha swichi.

Ila Tegamaisho, usinielewe vibaya.
Jumatatu mwenyekiti wa mtaa anakuja, na mashahidi wawili.
Kitanda cha mwanangu kimeshafika.
Kipo uani, kimeegemezwa jabalini,
miguu yote minne imekuelekea wewe.