Kufumua Majina

Machi, Toledo, Ohio. Theluji imebaki vichuguu vyeusi
pembezoni mwa maegesho ya uwanja,
na msimu ulishakufa tangu Januari
kwa teke lililogonga mwamba, likarudi kama barua isiyo na anwani.

Chini ya jukwaa la kusini kuna chumba kisicho na dirisha.
Humo Ilona Szabados, mwaka wake wa thelathini na moja na sindano,
anafumua majina.

Huanza na herufi ya mwisho. Daima.
Uzi ukikatwa kwa nyuma, polepole, herufi hubanduka nzima
kama ganda la yai lililoiva;
ukiwa na haraka unaacha matundu,
na kitambaa hakisahau.

Leo ni PETTIBONE. Herufi tisa.
Mlinzi wa kushoto, namba sabini na nne, misimu minane
akisimama baina ya mrushaji wetu na watu wenye uzito wa jokofu.
Goti lilipasuliwa mara mbili. Mara ya tatu
mabwana wa ghorofa ya nne wakapasua mkataba.
Kila Krismasi alimletea Ilona chupa ya asali
ya nyuki wa baba yake,
na katika kikosi kizima ni yeye tu
aliyelitamka jina lake sawasawa.

Huko ghorofa ya nne wanapanga ubao.
Nafasi ya kumi na saba ni yetu: tumchukue yule kijana wa Boise,
mkono wa manati, akili ya kuku barabarani?
Au tuiuze nafasi, tupewe mbili za mwakani?
Mwakani! Neno hilo mji huu umelilamba
tangu tanuru za vioo zianze kuzimwa moja moja,
na bado halijaisha utamu, wala halijashibisha.

Redio ya fundi bomba inamwaga tetesi.
Kwamba mkimbiaji wa Denver anakuja. Kwamba haji.
Kwamba mkewe ameonekana Perrysburg akiulizia shule,
mwanamke mwenye koti la kijani,
ambaye kesho yake anageuka kuwa dada wa mtu mwingine.
Lisemwalo lipo; na kama halipo, lina wakala.

Wanaojua hawahangaiki na redio. Wanamjia Ilona.
Mwaka juzi aliagiza Z tatu,
na kufika jioni mtaa mzima wa Consaul, tangu kinyozi hadi muuza soseji,
ulishajua nani amesaini.
Sasa Thaddeus Grubb wa gazetini huja na boksi la donati:
"Mama, mwaka huu umeagiza nini?"
"Uzi," anasema. "Mweupe."

Aprili, usiku wa tatu wa uteuzi, zamu ya saba.
Watu washazima televisheni.
Yule wa Boise alinyakuliwa siku ya kwanza,
nafasi ya kumi na sita, mbele ya pua zetu.
Simu inatoka ghorofa ya nne hadi kijiji fulani cha Iowa:
Ansel Tipton, kilo mia na arobaini, sauti ya mtoto wa kwaya,
analia jikoni mbele ya nyanya yake.
Mpeni sabini na nne.

Kanuni inasema herufi mpya.
Ilona anafungua kopo la biskuti.
T, I, P, T, O, N. Zote zimo ndani ya mtu aliyeondoka.
Zinabaki E, B, E. Anazirudisha, anafunika.
Weupe umefifia kidogo, misimu minane ya sabuni na matope;
kutoka jukwaani hauonekani.

Juni, Pettibone anapiga simu. Anauliza habari za mgongo wake,
za mvua, kisha:
"Lilitoka vizuri?"
"Bila tundu," anamwambia.

Lipo moja. Lilikuwa chini ya B.
Sasa liko kati ya T na O, dogo kama punje ya ufuta,
na Agosti, jua likimchapa kijana mgongoni,
litapitisha upepo.