Kisanduku cha Mke

Saa nne na nusu usiku, tarehe thelathini Juni,
saiba ya Kwamboka pale Ngara haina kiti kitupu.
Nchi nzima imekumbuka leo
kwamba ina deni.
Mbele yetu mwenye bucha anahesabu ng'ombe kwa vidole,
nyuma yetu kijana asiye na kazi wala mapato
anasubiri zamu yake
aape kwa maandishi kwamba hana.

Kwamboka anapiga funguo bila kuzitazama.
Jina: Musembi. Kazi: fundi wa miwani.
Mwajiri, mshahara, bima, vyote vinateremka
kama ugali kooni mwa mwenye njaa.
Kisha kisanduku: Je, una mke?
Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kusoma,
nikasogeza goti likagusa la Hanitra.

Weka namba ya mke.

Hana.

Maandishi yakageuka mekundu.

Ana cheti cha Jumba la Sheria, chenye muhuri,
nimekibeba katika bahasha ya kaki kama yai.
Ana pasi ya Bukini yenye jina refu,
Hanitriniaina Razafimahefa,
lililomshinda karani wa Jumba la Nyayo
akalikata katikati kama kitambaa,
na tangu mwaka juzi tunaisubiri hiyo nusu:
kadi ya mgeni.
Bila kadi, hakuna namba.
Kadi iko njiani. Njia ipi, hawasemi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mama yangu kule Makueni alimpa siku ya kwanza,
akalima mistari ya mbaazi iliyonyooka kuliko yangu.
Hapa jijini siku ya tatu imeingia mwaka wa nne
na jembe halitolewi
mpaka uwe na namba.

Ingawa kodi analipa. Nilimwambia Kwamboka,
kana kwamba yeye ndiye serikali:
analipa kwenye sabuni, kwenye mafuta ya kupaka,
kwenye vocha anayoikwangua kila Jumapili
amsikie dada yake wa Antsirabe akikohoa.
Hakuna duka lililowahi kumwambia
wewe huna namba, mama,
chukua sabuni bure.

Kwamboka akapiga mwayo.
"Bosi, weka Hapana. Wengi huweka Hapana.
Mfumo hauji kukagua kitanda."
Yule wa bucha akacheka hadi akapoteza hesabu ya ng'ombe.

Nikatazama saa.
Faini ni elfu mbili: gesi ya mwezi, na trei ya mayai juu yake.
Nikajua nitakalofanya,
na nikachukia jinsi nilivyojua upesi.

Hanitra hakuwa akitusikiliza.
Alikuwa anasoma bango ukutani, kwa kidole,
kwa ile o ya kwao inayotamkwa u:
"Tua... kudi... kwa hiari."
Toa, nikamwambia. Tua ni ya ndege.
Au ya mzigo, unapoushusha kichwani.
Akafikiri.
"Basi ni hiyo hiyo," akasema.
"Mimi nilishuka Embakasi. Kutua, bado."

Saa tano na dakika arobaini Kwamboka akabofya.
Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi vuguvugu:
asante, Bwana Musembi. Mke: hapana.
Shilingi mia mbili, na kumi ya kuchapa.

Nilitaka kuichana palepale, ila ndiyo risiti.
Hanitra akaipokea, akaisoma yote,
hata anwani ya chini ambayo hakuna anayeisoma,
akaikunja mara nne
akaitia kwenye bahasha ya kaki
pamoja na cheti,
ili vizoeane.