Mito ya Wadi Jizi

Mwalimu Zuwaina aliegesha gari chini ya daraja,
akatwambia tuvue miwani ya jua.
"Haya," akasema, "tafuteni mito."
Nikaangalia bondeni: kokoto, mavi ya mbuzi,
chupa ya mtindi iliyobonyea.
Mto wenyewe haukuwa na maji
hata ya kulowesha kidole.

Kumbe si mto huo.
Ni mito ya kulalia.
Imerundikana ukutani mwa korongo, mmoja juu ya mwenzake,
myeusi yenye ukijani, imetuna,
imedidimia pale ilipoegemewa,
kama ile tunayoirundika chumba cha wageni
matanga yakishaanuliwa.

"Hapa palikuwa chini ya bahari," akasema.
"Uji wa moto ulitoka ufani,
ukakutana na baridi, ukajiviringa papo hapo.
Miaka milioni tisini na tano."
Rayya wangu, wa darasa la saba,
akaupiga mto mmoja kofi, kama anayekung'uta vumbi:
"Nani alikuwa akilala?"

Nilicheka peke yangu.
Bahari imepanda mlima bila kuombwa,
na mimi kazi yangu ni kuishusha bombani.
Barka, zamu ya usiku, maabara ya kiwanda cha maji:
kila baada ya saa mbili nachota, napima, naandika.
Inaingia na gramu thelathini na saba za chumvi kwa lita,
inatoka tamu, inakwenda Maskati kuchemshiwa chai.
Iliyobaki, nzito, sitini na kitu,
tunairudisha tulikoitoa,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani
na ukoko ndani.

Mwaka ule bahari ilipokuwa nyekundu
vichujio viliziba kwa uteute.
Tukafunga milango ya kuingizia maji siku kumi na moja.
Bahari ikabisha hodi, hatukuitikia.
Daftarini niliandika: maji hayafai.
Safu ya sababu niliiacha wazi.
Leo nimemuuliza mwalimu aijaze.
"Joto lina mkono," akasema. "Maji machafu pia.
Mengine sijui, na nisikudanganye."
Nikampenda kwa hilo la mwisho.

Kilomita chache mbele, jiwe la kahawia,
limejaa mishipa myeupe kama mkono wa mzee wa chokaa.
Mvua huibeba hewa chafu, ikaishusha humo,
jiwe likaishika, ikawa mawe.
"Basi litameza moshi wetu wote," akasema Rayya.
"Litameza. Ila lenyewe halina haraka."
"Na bahari?"
"Bahari inameza upesi. Inachachuka.
Kombe anatafuta cha kujengea nyumba, hakipati."

Rayya akakaa juu ya jiwe, akachora matabaka.
Shuleni huandika Kiarabu,
lakini akiwa na jambo la kunificha au la kunionyesha
huliandika kwa lugha ya nyumbani.
Chini kabisa: moto. Juu yake: mito.
Juu yake: matope, samaki wasio na jina, mchanga.
Mstari wa juu kabisa ulikuwa mwembamba,
akaupaka wino mpaka karatasi ikatoboka.
Pembeni: *sisi*.

Wakati wa kurudi aliipitia ile chupa,
imekwama katikati ya mito miwili,
imekaa kama iliyozaliwa hapo.
Akaivuta, akaipangusa kwa kanga yangu, akamletea mwalimu.
"Hii nayo ina umri gani?"
Mwalimu akaigeuza kwenye mwanga.
Milima yote ile, kutwa nzima,
alikuwa akituhesabia kwa mamilioni, akiongeza *takriban*.
Safari hii hakuongeza.
"Itumike kabla ya tarehe kumi na nne," akasoma.

Usiku niliingia kazini.
Nikachota. Sitini na tatu.
Ile safu ya sababu
niliitazama muda mrefu, kalamu mkononi.