Moja, Tano, Tatu, Sita, Mbili, Nne

Silinda ya kwanza

Miaka tisa chini ya turubai, South B, nyuma ya tangi la maji,
Landikruza ya baba ilikuwa mahali pa kuanikia viatu.
Paka wa jirani alizalia kiti cha dereva, mara mbili.
Nilipoinua boneti, injini ilikuwa imekaa
kama mtu aliyealikwa arusini akasahauliwa mlangoni:
nguo zote mwilini, vumbi begani.
Nikachomoa stiki ya oili. Ikatoka nyeusi, nzito,
na harufu ya baba, Jumamosi, kabla ya kuoga.

Silinda ya tano

Musembi hana mashine ya kusikilizia.
Ana bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
macho kafumba, mdomo wazi kidogo.
Kariobangi nzima inagonga,
wa masufuria, wa mageti, wa majeneza,
yeye anasikia tapeti moja.
"Hii inaongea sana."
Anapenyeza geji nyembamba kuliko kucha ya mtoto,
anakaza, analegeza kiasi cha unywele, anakaza.
"Lakini ikinyamaza kabisa, ujue valvu inaungua.
Wacha ilalamike kidogo."

Silinda ya tatu

"Ng'oa hilo jiko," binamu yangu Halake alisema.
"Tia dizeli ya Dubai, silinda nne, inakunywa kama ndege.
Hii yako inakunywa kama ngamia aliyetoka Chalbi."
Mwenye mizani akaja kutoka Gikomba, akagonga bloku kwa pete yake.
"Chuma ni kwa kilo, mama. Hadithi sipimi."

Sikuwajibu. Ukweli ni kwamba nilihesabu usiku kucha:
karo ya Qabale, kodi, bei ya ringi na bearingi.
Hesabu ilikuwa upande wao.
Asubuhi nikapakia hedi kwenye mkokoteni,
nikaipeleka ikasagwe.

Silinda ya sita

Barabara ya Kangundo, saa kumi na moja alfajiri.
Musembi ameketi kando yangu, kidumu cha maji katikati ya miguu,
kama mkunga asiyetaka kuahidi.
Tukapita Ruai. Tukapanda.
"Simama."
Moyo wangu ukazima kabla ya gari.
Akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti
kama anayepima homa.
Akarudi, akafunga mlango mara mbili (haufungi mara moja).
"Twende."

Silinda ya pili

Bolti moja ya hedi ilikatikia ndani.
Siku mbili za kutoboa, mafuta ya taa, matusi ya Kikamba.

Kisha, chini ya kabureta, gasketi isiyotoka kiwanda chochote:
kipande cha boksi la chanjo, kimekatwa kwa wembe,
herufi bado zasomeka kwenye masizi:
HIFADHI PENYE BARIDI.
Maikona, labda. Au Turbi.
Mahali fulani baba alipiga magoti juani,
ng'ombe mia tatu wakimngoja na sindano yake.

Musembi hakuitupa. Aliitandaza juu ya karatasi mpya,
akaizungushia kalamu, akakata.
Ya zamani ninayo, ndani ya kitabu cha gari,
penye baridi.

Silinda ya nne

Hii ina mkwaruzo. Ukipitisha kucha, inakwama.
Ilishachongwa zamani, hadi saizi ya mwisho.
"Nikiichonga tena nitafika kwenye maji," alisema Musembi,
akaipangusa kwa kitambaa safi kuliko alivyopangusa nyingine.
Wenzake presha mia na thelathini. Yeye tisini.
Atakula oili. Atatoa moshi wa samawati asubuhi,
mama Nyaboke wa ghorofa ya pili atafunga dirisha.

Baba naye, mwaka ule wa kiharusi, aliongea kwa nusu ya mdomo.
Mezani tulijifunza kungoja:
neno lake lilifika limechelewa, limekunjamana,
na lilikuwa lake.

Nawasha. Bado sijatoa gia.
Moja, tano, tatu, sita, mbili,
natega sikio,

nne.