Buku la Maziko

Buku hili la maziko, hapa Wingwi nalishika,
Lina madoa ya jiko, na pembe zimekunjika,
Kwanza wa baba mwandiko, kisha wangu ukazuka,
Mauti yakishafika, bei yake twaijua.

Elfu mbili, si hiari, na hakuna wa kugoma,
Wa duka na wa bahari, na anayeuza nyama,
Hakuna hata askari, ni haya yetu husema,
Asonayo huazima, kwa jirani huchukua.

Jumapili asubuhi, kwenye skuli tukaketi,
Kaja kijana fasihi, toka Chake, mwenye koti,
Ataka zetu sahihi, na dole chini ya cheti,
"Bima ya afya, si eti, lazima kuinunua."

Shaame akasimama, mwili wake kama nguzo:
"Sijapata hata homa, tangu kuzaliwa mwanzo,
Mwenzangu tumbo lauma, nalipa mimi matunzo?
Nani alitoa wazo, nilipe sijaugua?"

Kazija akauliza, vidole vimechanika:
"Mwani kilo nikiuza, mia saba nikashika,
Maji mafu hunilaza, nyumbani bila kutoka,
Bima nayo ikitaka, iningojee bamvua."

Kukavunjika vicheko, nami nikacheka nao,
Ila katika mfuko, buku zito kama mbao,
Kuna ukurasa huko, siku zote nikwepao,
Ule wa Mize, ambao, uliloweshwa na mvua.

Mize alishikwa figo, Mkoani wakapima,
Wakasema si kidogo, Unguja aende hima,
Mumewe, mkata gogo, hana ng'ombe wala chuma,
Laki sita kutazama, ni kama kushika jua.

Nikatoka na kitabu, mlango hata mlango,
Nikapewa majawabu: "Subiri, nina mpango,"
Wengine dua, thawabu, lakini sio mchango,
Siku tisa, na kiwango, kwa nusu kilipungua.

Ya kumi, kwa alfajiri, kukawa kimya chumbani,
Ilipofika dhuhuri, laki sita mkononi!
Sanda, udi na uturi, na wali wa matangani,
Zilikuwa sandukuni, jana hatukufungua.

Nikaandika majina, kaburini, buku wazi,
Mvua ikashuka sana, wino ukenda mizizi,
Hakuna aliyekana, hakuna mwenye ajizi,
Maiti tunamuenzi, mgonjwa twamkagua.

Nikasema: "Kaka yangu, hujaugua, ni kweli,
Hujafa pia, mwenzangu, mbona za sanda si ghali?
Jina limo buku langu, mara thelathini mbili,
Lazima yetu asili, leo tu twaitambua.

"Nawe kijana wa koti, usiinue kidevu,
Kazija hashiki noti, isipokuwa kwa nguvu,
Bure apatiwe cheti, bila kumtia kovu,
Wenye karafuu kavu, hao watamchukua.

"Na kile kituo chenu, kisiwe rafu tupu tu,
Tukija na kadi zenu, dawa iwe mbele yetu,
Hiyo ni amana yenu, mkila mwala wenzetu,
Ni mwavuli wenye kutu, utatuvujia mvua."

Kijana akaandika, yatakofika ni wapi?
Naye Shaame katoka, kwa hatua zake fupi,
Fomu, sijui kaweka, katika mfuko upi,
Kesho atajibu vipi, Mungu ndiye anajua.

Usiku, buku mezani, nikapiga msitari,
Kushoto, "Wa kaburini", majina yamekithiri,
Kulia, "Wa kitandani", ni peupe, pasubiri,
Nikaandika "Hiari", kisha nikalipangua.